Paja la Kushoto Lauma, Ufa Uko Kifundo cha Kulia: Uchambuzi wa Kisa cha Greihaundi wa Mbio

Kisa hiki ni cha Uingereza. Majina ya mbwa, mkufunzi, mmiliki, uwanja na kliniki yameachwa, na tarehe pia. Mbwa mwenyewe nitamwita Mshale. Nilimfahamu nikiwa muuguzi wa wanyama katika kliniki alikoletwa, na daftari la bandani kwao nililisoma kwa ruhusa ya mkufunzi wake. Nimekichagua kwa sababu kosa lililotokea humo hutokea popote mnyama anapotegemewa kwa mbio au kwa nguvu zake: msuli unauma, unatibiwa, unapoa, unauma tena, na hakuna anayeuliza kwa nini ni msuli uleule.

Usuli

Mshale alikuwa jike wa miaka mitatu na nusu, kilo 27 na ushei. Alikuwa akikimbia mita 480 kwenye uwanja wenye leseni, mbio za kona nne ambazo mbwa wa daraja lake huzimaliza kwa sekunde 29 na kitu. Mbwa sita hufunguliwa kwa pamoja vizimbani, kila mmoja na fulana ya rangi ya kizimba chake, wakimfukuza sungura bandia anayevutwa kwa mtambo. Kasi yao hupita kilomita 60 kwa saa.

Anayetaka kumchunguza greihaundi ashike kwanza jambo moja: mbio hizi huzunguka upande mmoja tu, kinyumesaa. Kila kona mbwa huikata kushoto. Tena haingii kona kwa kujihurumia. Mwanariadha wa mbio fupi akifika kwenye kona kali hupunguza mwendo, lakini mwaka 2005 watafiti wa Royal Veterinary College ya London walionyesha kuwa greihaundi huingia kwa kasi ileile, na kwa hiyo nguvu inayobebwa na miguu yake kwenye kona huongezeka kwa asilimia 65 hivi.

Mzigo huo haugawanyiki sawa. Mwili hulalia ndani, na sehemu ya kila mguu iliyo upande wa ndani wa kona ndiyo inayobanwa zaidi: mguu wa kulia kwa ndani, wa kushoto kwa nje. Ndiyo maana mifupa ya kiganja cha mguu wa mbele haivunjiki ovyoovyo. Kushoto huvunjika zaidi ule wa kidole cha tano, kulia ule wa kidole cha pili. Na ndiyo maana mfupa mdogo wa katikati ya kifundo cha mguu wa nyuma, ule ambao madaktari huuita mfupa wa kati wa kifundo, huvunjika karibu kila mara mguu wa kulia. Si ajali ya kukanyaga shimo. Mfupa unaobanwa mbio baada ya mbio hujijenga, unazidi kuwa mzito na mgumu, na ugumu huo huufanya upasuke badala ya kunepa. Nyufa ndogondogo huanza wiki au miezi kabla ya siku ambayo mbwa atalia kwenye kona mbele ya watazamaji.

Kuhusu ukaguzi wa kisheria: England ina kanuni za mwaka 2010 za ustawi wa greihaundi wa mbio, zinazotaka daktari wa wanyama awepo uwanjani na kila mbwa akaguliwe kabla ya kukimbia. Katika viwanja vilivyo chini ya Greyhound Board of Great Britain, chombo kinachosimamia mbio hizi, mbwa hupimwa pia uzito, na akiwa ameongezeka au kupungua zaidi ya kilo moja tangu mbio zake zilizopita, hakimbii. Mshale alipita kote huko bila shida. Hakuchechemea hata mara moja.

Mlolongo wa matukio

Dalili ya kwanza ilikuwa saa, si mguu. Katika mbio moja Mshale alimaliza sekunde 0.40 nyuma ya muda wake wa kawaida. Kwa hesabu ya viwanja vya Uingereza, ambako urefu wa mbwa mmoja ni sekunde 0.08, hiyo ni sawa na kuachwa kwa mbwa watano. Siku hiyo alisukumwa kwenye kona ya kwanza, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Asubuhi yake mkufunzi alimpapasa kama anavyowapapasa wote. Akakuta maumivu kwenye grasilisi, ule msuli mrefu wa ndani ya paja, upande wa kushoto. Msuli huu huwasumbua sana mbwa wa mbio. Ukichanika, damu hujaa pajani na mbwa huweza kukosa msimu mzima. Wa Mshale haukuchanika, ulikuwa umekaza na kuuma ukibonyezwa. Mkufunzi akaandika “paja la kushoto”, akampa mapumziko, barafu siku mbili za kwanza, kisha kukandwa na matembezi ya kamba.

Aliporudi uwanjani baada ya siku 12 hakusukumwa na mtu. Video inaonyesha wazi: kona ya tatu, akiwa peke yake, alitoka kwenye mstari wake wa ndani akaenda kupanua hadi karibu na katikati ya njia, kisha akakimbia vizuri tu kwenye nyoofu ya mwisho. Muda ukawa mbaya tena. Bandani, paja la kushoto likauma tena, na safari hii misuli ya kiuno upande uleule pia.

Akaitwa mkandaji mwenye sifa, mtu wa miaka mingi katika kazi hiyo. Aliambiwa kabla hajamgusa mbwa: “Tazama paja la kushoto, linarudi.” Akatazama paja la kushoto, akalikuta limekaza kweli, akalitibu kwa mikono na kwa mashine ya mawimbi ya sauti kwa vikao kadhaa. Msuli ukalainika. Ili kuhakikisha, Mshale alikimbizwa kwenye uwanja wa mazoezi wa nyasi, njia nyoofu ya kupanda kidogo, na akaruka kama zamani. Kila mtu akafurahi.

Mbio za tatu zilikuwa za mchujo wa shindano dogo. Alishika nafasi ya pili na kuingia fainali, lakini kona ya tatu na ya nne alipanua tena. Fainali ilikuwa siku nane mbele. Mkufunzi, ambaye hapa namsifu kwa dhati, hakufurahia nafasi ya pili. Alifungua daftari, akaona “paja la kushoto” limeandikwa mara tatu kwa wino tofauti, akatupigia simu.

Uchunguzi wa nne

Daktari wetu aliomba Mshale aletwe siku mbili baada ya mbio, si usiku uleule. Mbwa aliyetoka kukimbia bado ana moto mwilini na hamu kichwani. Unaweza kubonyeza mahali penye ufa akakutazama tu. Baada ya saa 24 hadi 48 misuli imepoa, uvimbe umejitokeza, na mbwa yuko tayari kukwambia. Aliomba pia asipewe dawa yoyote ya maumivu, asikandwe, na asipashwe misuli asubuhi hiyo.

Jambo la tatu aliloliomba ndilo lililonigusa zaidi: asiambiwe ni wapi panapouma. Daftari lilibaki mezani limefungwa hadi alipomaliza.

Alianza kwa macho. Mshale alitembezwa kwenye sakafu ya saruji kwenda na kurudi, kisha kwa mchapuko, kisha akasimama sawasawa kwa miguu minne. Mwendo ulikuwa safi. Lakini aliposimama alikuwa akiutanguliza mguu wa nyuma wa kulia kidogo tu mbele ya wa kushoto, na kila aliporudishwa sawa aliutanguliza tena.

Kisha mikono. Daktari alianzia shingoni akashuka mabega, misuli ya nyuma ya mkono, kiwiko, kifundo cha mbele akikikunja hadi kiganja kikaribie kugusa mkono, mifupa ya kiganja mmoja mmoja, kila kidole, kila kucha, ngozi ya katikati ya vidole. Halafu mgongo, kiuno, nyonga, mapaja kwa nje na kwa ndani. Kila sehemu aliishika kulia na kushoto kwa wakati mmoja, viganja vikiwa bapa kwanza ili kuhisi joto na ukubwa, ndipo vidole vikaingia ndani. Alipofika paja la kushoto Mshale aligeuza kichwa. Daktari akasema “ndiyo, hapa pamekaza”, akaendelea kushuka. Hakusimama hapo. Ukiniuliza, kisa chote kiko katika sekunde hiyo.

Kifundo cha nyuma kilikuwa cha mwisho. Kwanza alikikunja chote kabisa, goti na nyonga vikifuata, akashikilia kwa muda. Cha kushoto kilikunjika hadi mwisho. Cha kulia kilikunjika karibu hadi mwisho, na pale mwishoni Mshale aliuvuta mguu. Kisha daktari akaunyoosha mguu, akaweka kidole gumba upande wa mbele na wa ndani wa kifundo, chini kidogo ya mahali kinapokunjika, akabonyeza taratibu. Muda wote huo Mshale alikuwa akihema kwa ulimi nje, kama kawaida yao kliniki. Kidole kilipotua akafunga mdomo. Kuhema kukakoma, masikio yakalala nyuma, akalamba pua mara moja. Hakulia, hakung’ata, hakuvuta. Daktari akaondoa kidole, Mshale akaanza tena kuhema. Akarudisha, mdomo ukafungwa. Upande wa kushoto, mahali palepale, hakukuwa na chochote.

Anayengoja mbwa apige kelele ndipo aamini kuna maumivu, greihaundi atampita. Hawa ni mbwa wavumilivu mno, na wengi wameshikwashikwa na watu tangu utotoni.

Baada ya hapo daftari likafunguliwa, na video ya mbio tatu ikatazamwa upya.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupiga eksirei za vifundo vyote viwili, si cha kulia pekee. Mfupa wa kati ukiwa umejijenga kwa sababu ya mbio huonekana mweupe na mzito hata kwa mbwa asiye na shida, na bila cha kushoto cha kulinganishia huwezi kujua kilichozidi. Picha zilipigwa kwa pembeni, kwa mbele na kwa mshazari. Kwenye picha ya pembeni ya mguu wa kulia palikuwa na ufa mwembamba upande wa mbele wa mfupa wa kati, kipande kikiwa bado mahali pake. Madaktari huupanga mvunjiko wa mfupa huu kwa madaraja matano: la kwanza ni kipande cha mbele kilichopasuka bila kusogea, la tano ni mfupa uliosagika na kifundo kilichoporomoka. Mshale alikuwa daraja la kwanza. Kama ufa usingeonekana, hatua iliyofuata ingekuwa skani ya CT, ambayo huona nyufa ambazo eksirei huzikosa.

Uamuzi wa pili ulihusu fainali. Mmiliki, mtu mwema aliyempenda mbwa wake, aliuliza kama angeweza kukimbia mara moja tu, kwa dawa ya kutuliza maumivu, kisha apumzishwe. Daktari alikataa papo hapo na akaeleza. Dawa hizo haziruhusiwi mbioni na vipimo vya mkojo huzigundua. Lakini hata zingeruhusiwa, maumivu yale ndiyo yaliyokuwa yakimfanya Mshale apanue kwenye kona na kuupunguzia mfupa mzigo. Ukiyaondoa, atakata kona kwa nguvu zake zote juu ya mfupa uliokwisha pasuka, na daraja la kwanza litageuka la tano kwa hatua moja. Mbwa akaondolewa kwenye fainali siku hiyohiyo.

Uamuzi wa tatu ulichukua siku mbili. Njia zilikuwa mbili. Moja ni upasuaji wa kukibana kipande kwa skrubu, ambao kwa mivunjiko midogo humpa mbwa nafasi nzuri ya kurudi mbioni. Nyingine ni kufunga mguu kwa gango, kumweka mahali padogo, na kuuacha mfupa uunge. Daktari alisema wazi kwamba ikiwa lengo ni kurudi mbioni, skrubu ndiyo njia. Lakini alionyesha pia kuwa mfupa uliobaki, nje ya ufa, ulikuwa umejijenga sana, na skrubu haiurudishi ujana. Mshale alikuwa na miaka mitatu na nusu. Angerudi, kama angerudi, akiwa amekaribia minne na nusu, na kona zikiwa zilezile. Mmiliki akachagua gango na kustaafu. Nami naona alichagua vizuri, ingawa najua wapo wakufunzi watakaobisha.

Matokeo

Mfupa uliunga. Ngozi ndiyo iliyotusumbua. Greihaundi ana ngozi nyembamba na karibu hana mafuta chini yake, hivyo kila penye ncha ya mfupa gango hukwaruza. Siku ya sita tulipofungua bendeji tulikuta kidonda cha mgandamizo kwenye ncha ya kisigino, kidogo lakini chenye kina. Kuanzia hapo bendeji ilifunguliwa kila baada ya siku tatu, pamba ikazungushwa pembeni mwa ncha badala ya kulundikwa juu yake, na mkufunzi akafundishwa kunusa bendeji kila asubuhi na kuangalia kama vidole viwili vya katikati vinaanza kutanuka, maana hiyo ni dalili ya uvimbe ndani.

Baada ya wiki sita eksirei ilionyesha ufa umejaa. Gango likatoka, zikafuata wiki za matembezi mafupi ya kamba, dakika tano mara tatu kwa siku, zikiongezwa polepole. Kifundo kimebaki kinene kidogo kuliko mwenzake na hakikunjiki hadi mwisho. Paja la kushoto, ambalo lilikuwa limekandwa kwa miezi miwili, lililainika lenyewe bila kuguswa na mtu. Mshale alipata nyumba ya kuishi na familia.

Uchambuzi

Paja lile halikuwa uongo. Lilikuwa linauma kweli, na kila aliyelipapasa alikuta alichokiandika. Mguu wa kulia ulipokwepa kusukuma kwenye kona, wa kushoto ulifanya kazi ya miguu miwili, na msuli wake ukachoka pamoja na kiuno cha upande huo. Matibabu yalimpa nafuu ya kweli kwenye msuli na hayakugusa chanzo. Kwa hiyo sitaki kisa hiki kisomwe kama habari ya watu wazembe. Mapumziko ya kwanza yalikuwa sahihi kabisa: mbwa kasukumwa, msuli unauma, unapumzishwa. Palipoharibika ni mara ya pili. Msuli uliotibiwa vizuri ukirudi kuuma mahali palepale baada ya mbio moja, swali linabadilika. Unauma kwa sababu unabeba mzigo wa nani? Kwa mbwa anayekata kona kushoto, jibu la kwanza kutafutwa liwe kifundo cha kulia.

Kumwambia mkandaji mahali pa kutazama kulimfunga macho. Alikuwa na mikono mizuri kuliko wengi, lakini aliitwa kutibu paja, akatibu paja. Aliyekuja baadaye hakuwa bingwa kumzidi, alikuwa hajaambiwa.

Jaribio la njia nyoofu ndilo lililodanganya zaidi. Lilikuwa jaribio zuri la msuli na jaribio bovu la kifundo, kwa sababu kwenye nyoofu mfupa wa kati haubanwi vile. Mbwa aliyekuwa akipanua kwenye kona ya tatu ajaribiwe kwenye kona, kwa kasi ya wastani, akiwa peke yake, na mtu akisimama ndani ya kona na kamera. Au asijaribiwe kabisa hadi achunguzwe.

Kuhusu ukaguzi wa kabla ya mbio, nimesikia watu wakiulaumu. Ukaguzi ule unamtafuta mbwa anayechechemea, mwenye homa, mwenye jeraha la wazi, na kwa hayo unafanya kazi. Ufa mwembamba kwa mbwa asiyechechemea, aliyepashwa joto na safari na kelele za uwanja, hauonekani kwa dakika zilizopo. Kazi hiyo ni ya bandani, siku moja au mbili baada ya mbio.

Kilichomwokoa Mshale ni daftari. Lisingekuwepo, mara tatu zile zingebaki kumbukumbu za “alikuwa na shida ya paja”. Hata hivyo daftari lenyewe lilikuwa na pengo: liliandika kilichopatikana tu. Hakuna ukurasa uliosema “kifundo cha kulia kimebonyezwa, hakuna maumivu”, kwa hiyo hatuwezi kujua kama kilibonyezwa kikawa kizima au hakikubonyezwa kabisa. Sasa bandani hapo kila mbwa ana kadi yenye mchoro wa mwili, na kila kiungo hutiwa alama hata kikiwa kizima. Video ya kona hutazamwa kabla ya kadi kujazwa, na anayepapasa hapewi kadi ya wiki iliyopita mpaka amalize yake.

Wenzangu mnaohudumia mbwa wa polisi au farasi wa mbio kule Ngong mtaona kwamba mifupa na mizunguko hutofautiana, kwa hiyo msichukue kifundo cha kulia kama kilivyo. Chukueni mpangilio: macho kwanza, pande mbili kwa pamoja, viungo vyote hadi kidole cha mwisho, hata kama penye maumivu pameshapatikana njiani.